Nichague programu ipi kwa duka langu la leso mtandaoni?

SWALI: Assalaam aleikum. Nina duka dogo la leso, madera na mabuibui hapa Kibokoni, Mombasa, na sasa nusu ya mauzo yangu hupitia WhatsApp na Instagram. Siku ya kawaida napata oda kumi hadi kumi na tano, lakini kumi la mwisho la Ramadhani nashindwa hata kujibu watu. Dada yangu huandika oda kwenye daftari, na mara mbili tumeuza doti moja kwa wateja wawili. Tumeshatumiwa pia ujumbe wa M-Pesa wa uongo. Nataka duka la mtandaoni lenye kikapu: mteja achague, alipe, nimpelekee. Kijana mmoja ananiambia Shopify, mwingine WooCommerce, na wa tatu anasema ataniandikia programu yake mwenyewe, ila anataka nusu ya pesa mbele. Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mpwa wangu aliye chuoni tu anayejua kidogo. Nichague ipi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Swali lako lina njia tatu nami nitazifikia zote, lakini niruhusu niziweke kando kwanza, kwa sababu programu zote za aina hii zinaweza kuionyesha leso ikapendeza, na zote zina kikapu. Zinapoachana ni mahali pawili ambapo anayekuuzia hapendi kukawia: dakika zile baina ya mteja kuweka PIN yake na duka kutambua kwamba pesa zimeingia, na siku ile utakapotaka kuachana na fundi aliyekujengea. Ukizipima kwa mambo hayo mawili, uchaguzi wenyewe utakuwa mwepesi kuliko unavyoonekana sasa.

Niseme kwanza neno la haki kuhusu WhatsApp Business. Katalogi yake hubeba hadi bidhaa 500, ina kikapu tangu Desemba 2020, na haitozi chochote. Mtu anayepokea oda tatu au nne kwa siku ningemshauri abaki hapo hapo na asitumie hata shilingi. Kikapu hicho, hata hivyo, humaliza kazi yake kwa kukutumia orodha kama ujumbe: hakipunguzi hesabu ya doti zilizobaki, hakikupokelei malipo ya M-Pesa, wala hakijui kwamba mteja mwingine ameiomba leso ile ile dakika mbili zilizopita. Matatizo uliyoyataja ni hayo hayo yaliyo nje ya uwezo wake, kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba wakati wa kuhama umefika.

Tuje kwenye malipo, ambayo ndiyo roho ya jambo lote. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya watu kutumiana pesa. Leo programu ya duka inaweza kuomba malipo yenyewe kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom unaoziunganisha programu za wafanyabiashara na M-Pesa. Mteja wako aliye Bamburi akibonyeza kitufe cha kulipa, seva ya duka lako, yaani kompyuta inayolibeba duka mtandaoni, huipelekea Daraja ombi, na Daraja huifanya simu ya mteja itoe kisanduku cha kuweka PIN, kile ambacho mafundi hukiita STK. Akishaweka PIN, M-Pesa hukata pesa na kumtumia ujumbe wake wa kawaida wa uthibitisho; kisha, kwa njia nyingine kabisa, Daraja huirudishia seva yako jibu lenye namba ya matokeo. Namba 0 maana yake malipo yamekamilika, 1 ni salio halikutosha, 1032 ni mteja amesitisha mwenyewe, na 1037 ni simu haikupatikana au mwenye simu hakujibu kwa wakati. Jibu hilo ndilo linaloihesabu oda kuwa imelipiwa. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja hauna kazi tena katika biashara yako, na tapeli aliyezoea kuutunga anabaki nao mkononi, maana hakuna atakayeusoma.

Jambo la kuuliza, basi, ni hili: jibu la Daraja lisipofika, duka linafanya nini? Kwa maana kuna nyakati halifiki. Seva inaweza kuzimika kidogo, cheti cha usalama cha tovuti kinaweza kupitwa na tarehe, au programu-jalizi fulani (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye duka) ikagoma baada ya kusasishwa. Tuchukue WooCommerce kwa mfano. Katika mipangilio yake ya stoku kuna muda wa kuishikilia bidhaa ambayo oda yake haijalipiwa, na muda huo, usipoubadilisha, ni dakika 60. Ukipita, oda hufutwa na bidhaa hurudishwa dukani. Sasa tuseme yule bibi wa Bamburi amelipa, pesa zimo kwenye Till yako, jibu limepotea njiani, na saa moja baadaye doti ile ya mwisho inarudi kwenye ukurasa na kununuliwa na mtu wa Malindi. Umeuza doti moja kwa watu wawili tena, safari hii kwa msaada wa kompyuta. Duka lililounganishwa vizuri haliachi mambo yafike hapo: baada ya dakika moja au mbili za ukimya huiuliza Daraja yenyewe kama oda imelipiwa, kwa kuwa Daraja ina ombi maalumu la kuuliza hivyo. Lililounganishwa ovyo hukaa likisubiri. Muulize kila fundi anayekuja kwako, kwa maneno haya haya: “Jibu la Daraja lisipofika, duka langu litajuaje kwamba nimelipwa?” Anayekuambia kwamba jibu hufika kila mara hajawahi kuendesha duka.

Kuna mambo mengine mawili matatu madogo ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyakagua bila kuwa mtu wa kompyuta. Till ya Lipa na M-Pesa ina namba unayoibandika ukutani, na nyuma yake ipo namba ya duka ambayo mteja haioni kabisa. Ombi la STK kwa mwenye Till huhitaji namba zote mbili, kila moja mahali pake, na aina ya muamala iwe ile ya kununua bidhaa, wala si ile ya Paybill, namba ya malipo ya aina nyingine ambayo mlipaji huandika pia namba ya akaunti. Baadhi ya programu-jalizi za bure ziliandikwa na watu waliokuwa wakiifikiria Paybill peke yake. Zikipewa Till hukataa, na fundi asiyejua huanza kuulaumu mtandao. Pia, ukiiona namba 174379 popote kwenye mipangilio siku ya kufungua duka, elewa kwamba kazi haijaisha, kwa sababu hiyo ni namba ya majaribio ya Daraja. Mwisho, taka malipo yajaribiwe kwa laini ya Safaricom inayoanza na 0110 au 0115. Mafundi wengine waliifundisha programu kwamba namba ya M-Pesa ni lazima ianze na 07, na mteja mwenye laini mpya huambiwa kwamba namba yake si sahihi, akaondoka bila wewe kujua kwamba alikuja.

Si lazima uunganishwe na Daraja moja kwa moja. Zipo kampuni za kati za malipo, kama vile Pesapal iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2009, ambazo hupokea M-Pesa na kadi za benki mahali pamoja, hukata asilimia yao, kisha hukupa kilichobaki. Asilimia hiyo ni gharama ya kweli na usiidharau, lakini kwa mwaka wa kwanza mimi huona inastahili, hasa kwa muuza leso. Wateja wako hawako Pwani pekee: wako Muscat, wako London, na huko hulipa kwa kadi. Kampuni ya kati humpeleka mteja kwenye ukurasa wake yenyewe aandike namba ya kadi, na duka lako halioni wala halihifadhi namba hiyo. Fundi yeyote anayependekeza kwamba namba za kadi ziandikwe na kuwekwa ndani ya duka lako mshukuru kwa muda wake na umtafute mwingine.

Baada ya malipo ni kupeleka mzigo, na hapa programu za nje hazitujui. Zimetengenezwa kwa nchi ambazo nyumba ina namba, mtaa una jina lililoandikwa, na namba ya posta inamwonyesha mpelekaji mlango. Kwetu, 80100 ni namba ya posta ya Mombasa ambayo haimwambii mtu wa bodaboda chochote. Anachohitaji ni “Kisauni, ukishapita msikiti, geti la bluu, nipigie ukifika”. Kwa hiyo taka ukurasa wa kulipia uwe na nafasi ya alama ya karibu na namba ya simu kama mambo ya lazima, na namba ya posta isiwe ya lazima hata kidogo. Kila sehemu ya ziada anayolazimishwa mteja kuijaza kwenye simu ndogo ni nafasi ya kumpoteza.

Bei ya kupeleka nayo ina mtego wake. WooCommerce hugawa maeneo kwa nchi, kwa kaunti au kwa namba ya posta, na ukiichagua kaunti ya Mombasa, basi mtu wa Tudor na mtu wa Likoni wamekuwa kitu kimoja, hali wewe unajua kwamba mzigo wa Likoni kwa kawaida huvuka feri na unaweza kumla kijana wako asubuhi nzima. Dawa yake ni rahisi na haihitaji kununua programu-jalizi yoyote: ndani ya eneo hilo moja la Mombasa weka bei kadhaa zenye majina ya mahali, kama vile Kisiwani, Nyali na Kongowea, Bamburi hadi Mtwapa, Likoni, Changamwe na Miritini, kisha uongeze “Nitachukua mwenyewe Kibokoni” bila malipo, na mteja achague panapomhusu. Mtwapa iko Kilifi, najua, na kompyuta nayo inajua; mteja wa huko utamwekea eneo lake katika kaunti ya Kilifi kwa bei ile ile. Shopify pia hukubali bei kadhaa zenye majina ndani ya eneo moja. Mizigo ya Nairobi, Malindi au Lamu inayopanda basi iwekee bei ya mji kwa mji, na uandike wazi kwamba mteja ataichukua kwenye ofisi ya basi.

Kuhusu bidhaa zenyewe sitakawia sana, maana unazijua kunishinda. Kila leso yenye jina lake iingizwe kama bidhaa pekee, ihesabiwe kwa doti, na jina liandikwe kwa maneno kamili, kwa sababu wanawake watalitafuta kwa jina hilo hilo. Buibui moja lenye urefu wa inchi 52, 54, 56 na 58 ni bidhaa moja yenye chaguo nne, kila chaguo na hesabu yake. Fundi akikuwekea bidhaa nne tofauti kwa buibui moja, hajaielewa programu anayokuuzia. Kama unauza pia kwa korja, uliza mapema bei ya jumla itaonekanaje na nani ataiona, kwa kuwa katika programu nyingi jambo hilo huhitaji nyongeza ya kulipia.

Tatizo linalobaki ni mteja anayeingia dukani kwa miguu, akaichukua doti ya mwisho na kuondoka nayo, huku mtandaoni bado inaonekana ipo. Hakuna programu itakayolijua hilo isipokuwa mauzo ya kaunta nayo yaandikwe humo humo. Shopify ina programu ya kaunta inayotumia stoku moja na duka la mtandaoni, na hilo ni jema lake kubwa. Kama hamtaweza kuandika kila mauzo kwenye simu wakati duka limejaa watu, na kwa kumi la mwisho sidhani kama mtaweza, tengeni rafu mbili: iliyo mtandaoni haiuzwi kaunta bila dada yako kuipunguza kwanza.

Sasa hayo majina. Shopify ni ya kampuni ya Kanada, ilifunguliwa mwaka 2006, nayo hukukodisha kila kitu: seva, usalama na masasisho viko juu yao. Kwa mtu asiye wa kompyuta nafuu hiyo ni kubwa, na wanaoibeza kwa kawaida ni mafundi wanaotaka kazi. Ila kwa mfanyabiashara wa Kenya ina gharama mbili za kutazama. Ya kwanza ni ada ya dola. Bei iliyotangazwa Marekani kwa mpango wa Basic, kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, imekuwa dola 39 (itazame bei ya Kenya siku utakayojiunga, kwani huweza kutofautiana). Mapema mwaka 2024 dola ilipofika karibu Sh160, ada kama hiyo ilikuwa Sh6,240. Shilingi iliporudi karibu Sh129 mwaka huo huo, ikawa Sh5,031. Hukuuza doti moja zaidi wala pungufu, na kodi ya duka imepanda na kushuka kwa zaidi ya elfu moja. Gharama ya pili haisemwi sana. Shopify ina mfumo wake wa malipo, lakini haufanyi kazi Kenya, na anayetumia mfumo wa kampuni nyingine hutozwa asilimia 2 ya mauzo katika mpango wa Basic, juu ya kile ambacho kampuni ya malipo yenyewe inakata. Ukiuza Sh200,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh4,000. Unaweza kuikwepa kwa kuandika “Lipa kwa Till” kama malipo ya mkono, ambayo hayatozwi asilimia hiyo, lakini hapo utakuwa umerudi kwenye kusoma ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja, na ndiko ulikotaka kutoka.

WooCommerce ilitoka mwaka 2011 na tangu 2015 iko chini ya kampuni ya Automattic. Hupandikizwa juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu) ni wa wazi kwa yeyote kuutumia, kwa hiyo unaweza kuliweka duka kwenye seva ya kampuni yoyote na kulihamisha ukiudhika. Haikutozi asilimia ya mauzo. Wanaoiita ya bure, lakini, wanakuficha nusu ya hesabu: utalipia huduma ya seva, utalipia jina la tovuti, huenda ukalipia programu-jalizi ya malipo, na zaidi ya yote utamlipa mtu wa kuitunza. Masasisho hutoka kila mara, na duka ambalo halijasasishwa kwa mwaka mzima ni mlango ulioachwa wazi. Kuwa mkali hasa juu ya programu-jalizi za wizi, zile za kulipia ambazo fundi “anazo bure”. Mara nyingi huwa zimetiwa msimbo wa kumfungulia mtu mwingine, na unayempa funguo ni mtu usiyemjua. Muombe akuonyeshe risiti au akaunti ilikonunuliwa.

OpenCart na PrestaShop nazo ni programu nzuri zenye msimbo wa wazi, lakini hapa mjini utampata fundi wa WordPress kwa urahisi zaidi kuliko wa hizo mbili, na kwa duka dogo hoja hiyo yatosha. Ama kijana wa tatu anayetaka kukuandikia programu yake mwenyewe, jibu langu ni hapana, hata akiwa hodari na hata akiwa mtoto wa jirani. Kikapu kinaonekana kitu chepesi mpaka ufikie kurudisha pesa, punguzo la bei, oda iliyolipiwa nusu, au wateja wawili waliobonyeza kwa sekunde moja. Mambo hayo maelfu ya watu wameyakosea na kuyarekebisha kwa miaka ndani ya programu zilizopo, na huna sababu ya kugharamia makosa hayo upya. Tena siku atakayopata kazi Nairobi, na ninamwombea aipate, hakuna mwingine atakayeusoma msimbo wake kwa bei unayoiweza.

Kwa hali uliyonieleza, mimi ningechagua WooCommerce, malipo yapitie kampuni ya kati kwa mwaka wa kwanza, na kuunganishwa na Daraja moja kwa moja baadaye ikiwa asilimia itaanza kukuuma. Hesabu ya shilingi inaelekea huko, na wateja wako wa kadi wanaelekea huko. Lakini chaguo hilo lina sharti: awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, unayemlipa kwa mwezi au kwa mwaka kwa makubaliano yaliyoandikwa, ambaye husasisha, huweka nakala ya akiba nje ya seva hiyo, na hupokea simu mkesha wa Idi saa tatu usiku duka likizima. Mpwa wako usimpe kazi hiyo, ana mitihani. Mpe picha, majina ya leso na hesabu ya stoku, kazi ambazo zitakula muda wake wa kutosha. Ukimtafuta mtu wa namna hiyo kwa mwezi mzima ukamkosa, basi chukua Shopify bila kusita na ulipe hizo asilimia 2, kwa sababu duka ghali linalofunguka ni bora kuliko la rahisi lililozimika.

Vyovyote utakavyochagua, jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Majina yanayoishia na .co.ke yako chini ya usimamizi wa KeNIC na huuzwa na mawakala wengi. Wengi wao watamwandikisha yeyote anayelipa, na fundi akilipa yeye, mwenye jina ni yeye. Nimeona biashara ikisimama wiki nzima kwa ajili ya jina lililoandikishwa kwa barua pepe ya kijana ambaye hakupokea simu tena. Hali kadhalika akaunti ya seva, akaunti ya kampuni ya malipo na ile ya Daraja: wewe ndiye mwenyewe, na fundi anapewa nafasi yake ya kuingia ambayo unaweza kuifunga. Kila mwezi dada yako ashushe orodha ya bidhaa, wateja na oda katika faili la CSV, ambalo hufunguka kwenye Excel. Shopify na WooCommerce zote zinakubali hilo, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Usihangaike sana na seva iko nchi gani. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na duka lililoko kwenye seva ya Ulaya hufunguka vizuri ikiwa picha zake ni nyepesi. Linaloliua duka kwenye simu ya bando dogo ni picha ishirini za megabaiti nne kila moja. Mpwa wako azipunguze kabla ya kuzipandisha.

Kwa upande wa serikali yako mambo mawili. KRA inataka ankara za kielektroniki kupitia eTIMS hata kwa biashara ambazo hazijasajiliwa kwa VAT, na programu za nje hazikuzaliwa zikiijua eTIMS. Kwa oda kumi na tano kwa siku waweza kutoa ankara kwa njia nyepesi ambazo KRA yenyewe imeziweka za tovuti na simu, lakini taka ukurasa wa kulipia uwe na nafasi isiyo ya lazima ya PIN ya KRA ya mnunuzi, kwani wenye maduka wanaonunua kwa jumla wataihitaji ili wadai gharama zao. La pili ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwenye mauzo yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida amesamehewa kujisajili, ila hajasamehewa kutunza: majina na namba za simu za wateja wako zisigeuzwe orodha ya matangazo bila idhini yao, wala fundi asiondoke nazo.

Panga muda vizuri. Usifungue duka jipya katika Ramadhani yenyewe. Lifungue miezi miwili kabla, mwanzo kwa bidhaa thelathini au arobaini na kwa wateja wako wa WhatsApp unaowajua, ili makosa yajitokeze mbele ya watu watakaokupigia simu badala ya kukimbia. Katika majuma hayo jaribuni wenyewe kila baya linaloweza kutokea. Anza oda kisha katalia kwenye kisanduku cha PIN, uone kama doti inarudi dukani. Weka PIN kwa kuchelewa. Lipa, kisha uzime data ya simu kabla ukurasa haujafunguka. Agiza doti ya mwisho kwa simu mbili kwa pamoja, yako na ya dada yako. Rudisha pesa za oda moja na uone ni hatua ngapi na nani anaruhusiwa.

Ama ile nusu ya pesa mbele, usitoe, kwa huyo wala kwa mwingine. Gawanya malipo mafungu matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi yenye sahihi zenu. La kwanza liwe dogo, la kuanzia kazi na kulipia seva na jina la tovuti, tena hivyo viwili lipa mwenyewe kwa simu yako. La pili litolewe siku ambayo oda ya kweli, hata ya shilingi kumi, imelipwa kutoka simu yako, ikaonekana dukani kuwa imelipiwa bila mtu kuigusa, na pesa zimeingia kwenye akaunti yako. La tatu lingoje mpaka fundi akae nawe hapo Kibokoni, akukabidhi kila akaunti, ubadilishe kila nenosiri mbele yake, uingie kwa nenosiri jipya, na nakala ya duka zima iwe imeshushwa kwenye kompyuta ya mpwa wako. Fungu hilo mlipe siku hiyo hiyo.